Umeme wa koperative: tuhesabu mbele ya kununua



Kila mwaka, mahindi yakisha kuuzwa na falanga ikiwa ndani ya kasha, ulizo moja linarudi katika mikutano yetu. Tumelisikia Kolwezi, tumelisikia Mutshatsha, tumelisikia katika vijiji vilivyo kando ya njia ya reli inayokwenda Dilolo: "Tununue gurupu, ao tununue pano za jua, ao tungojee waya?"

Katika koperative moja tuliyotembelea, mkutano ulitaka kuvunjika juu ya ulizo hilo. Vijana walisema: "Gurupu iko bei ya chini, hata leo tunaweza kuinunua." Wazee walisema: "Pano ni ghali sana, tutamaliza kasha yote." Kisha mama mwekahazina akasimama na daftari yake. Alikuwa ameandika esansi yote waliyonunua kwa gurupu ndogo waliyoazima mwaka uliopita, litre kwa litre. Alipotaja jumla, nyumba ikanyamaza. Esansi ya mwaka mmoja ilikuwa imepita bei ya gurupu yenyewe mara nyingi. Hakuna aliyekuwa amewahi kujumlisha.

Ndiyo maana tunaandika makala hii. Hatutaki kusema mashini fulani ni nzuri na nyingine ni mbaya. Tunataka kuonyesha namna ya kuhesabu, kwa sababu falanga ya koperative inapatikana mara moja kwa mwaka. Mkikosea kununua, kosa hilo mtalibeba miaka mitatu ao minne.

Kipimo cha umeme

Mahindi tunapima kwa kilo, mazutu kwa litre. Umeme unapimwa kwa kilowati-saa. Neno ni refu, lakini maana yake si ngumu. Kilowati-saa 1 ni umeme unaotosha kuwasha ampule moja ya wati 10 kwa saa 100. Ni umeme unaotosha kujaza simu 60 hivi. Na mashini ya kusaga yenye mota ya nguvu-farasi 10 (kilowati 7 na nusu) inaumaliza kwa dakika 8 tu.

Hapo tayari mnaona jambo moja kubwa: taa na simu vinakula umeme kidogo sana, lakini kusaga kunakula mwingi. Hizo ni kazi mbili tofauti. Koperative nyingi zinapotea kwa sababu zinatafuta mashini moja ya kufanya zote mbili.

Kwa hiyo msiulize tu "mashini hii ni dola ngapi?" Ulizo la kweli ni hili: "Kilowati-saa moja, ao gunia moja la mahindi yaliyosagwa, itatufikia kwa dola ngapi, tukijumlisha kila kitu kwa miaka yote ambayo mashini itaishi?"

Ufanisi: ngapi inaingia, ngapi inatoka

Wauzaji wanapenda kutaja ufanisi. Maana yake ni hii: katika sehemu 100 za nguvu zinazoingia ndani ya mashini, ni sehemu ngapi zinatoka kuwa umeme?

Litre moja ya mazutu iko na nguvu ya moto ya kilowati-saa 10 hivi. Gurupu ndogo ya mazutu, ikifanya kazi ya kutosha, inatoa umeme wa kilowati-saa 2 mpaka 3. Ni kusema sehemu 20 mpaka 30 kwa 100. Zile nyingine zinatoka kama moto, moshi na kelele. Pano ya jua ya siku hizi inageuza karibu sehemu 20 kwa 100 za mwanga unaoipiga. Mashini ndogo ya maji, ile tunayoita turbini, inapata 50 mpaka 70. Zile kubwa za Nzilo na N'Seke zinafika karibu 90.

Mtu anaweza kusema: basi pano na gurupu ni sawasawa, yote ni 20. Hapana. Ufanisi unauma pale unapolipa kile kinachoingia. Sehemu 75 zinazopotea ndani ya gurupu, mmezilipia kwenye depo ya mazutu na mmelipa pikipiki iliyoleta bidon. Sehemu 80 zinazopotea juu ya pano, hakuna mtu aliyezilipia, jua halileti fakture. Kwa pano, ufanisi mdogo maana yake ni kwamba mtahitaji nafasi zaidi juu ya paa, basi. Kwa gurupu, maana yake ni falanga inayotoka kila siku.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalitazami. Gurupu inayofanya kazi ndogo kuliko nguvu yake inapoteza zaidi. Gurupu ya esansi ya kilowati 1 inayowasha ampule chache tu inakunywa karibu nusu litre kwa saa. Hapo, katika sehemu 100 za esansi mliyonunua, sehemu 5 ao 6 ndizo zinafika kwenye ampule. Ni kama kukodi kamio ya tani 10 kwa kubeba gunia moja.

Kazi ya kwanza: taa na simu

Tuchukue mfano. Bei tunazoandika hapa ni za kuonyesha hesabu tu. Ninyi ondoeni zetu, muweke za kwenu, kwa sababu litre ya esansi Kolwezi si bei moja na litre iliyofika kijijini wakati wa mvua.

Koperative inataka ampule 10 za wati 10, zikiwaka saa 4 kila jioni katika depo, ofisi na mahali pa mkutano. Inataka pia kujaza simu 40 kwa siku. Jumla ni karibu kilowati-saa 1 kwa siku.

Gurupu ya esansi. Tuseme inanunuliwa dola 200. Saa 4 kwa nusu litre ni litre 2 kila jioni. Litre ikiwa dola 2, ni dola 4 kila jioni, ni dola 1,460 kwa mwaka. Ongeza mafuta ya mota, buji na fundi, tuseme dola 140. Mwaka mmoja umekula dola 1,600. Gurupu ndogo za namna hii zinachoka haraka, tuhesabu moja kila miaka 3. Kwa miaka 10 mtanunua 4, dola 800. Jumla ya miaka 10: dola 16,800. Gawanya kwa kilowati-saa 3,650 mtakazopata. Kila kilowati-saa imewafikia kwa dola 4 na senti 60.

Pano za jua. Kwa kilowati-saa 1 kwa siku, pano za wati 400 kwa jumla zinatosha. Mwezi wa 7, mbingu ikiwa safi, zitatoa zaidi ya mnachohitaji. Lakini hatuhesabu kwa mwezi wa 7. Tunahesabu kwa mwezi wa 1, wakati mawingu yanakaa siku nzima. Ongeza batri ya litiumu ya kilowati-saa 2 na nusu, kifaa cha kulinda batri na onduleri ndogo. Tuseme kila kitu, pamoja na fundi na usafiri, ni dola 1,800. Katika miaka 10 mtabadilisha batri mara moja (dola 700) na onduleri mara moja (dola 200), pamoja na waya na vitu vidogo (dola 300). Jumla ya miaka 10: dola 3,000. Kila kilowati-saa imewafikia kwa senti 82.

Gurupu iliyoonekana ya bei ya chini imekuwa ghali zaidi ya mara tano. Tena hamngojei miaka 10 kwa kuona faida. Tofauti ya kununua ni dola 1,600, na gurupu inakula dola 133 kila mwezi. Kisha mwaka mmoja hivi, pano zimerudisha tofauti yote. Baada ya hapo, ile falanga ya esansi inabaki ndani ya kasha.

Kwa kazi hii ya kwanza, hatuoni shaka: taa na simu ni kazi ya jua.

Lakini angalisho matatu.

Kwanza, sisi tuko kusini ya ekweta. Pano inatazama kaskazini, ikiinama kidogo, nyuzi 10 mpaka 15, ili mvua iioshe. Vitabu vingi vinavyokuja na pano vimeandikwa kwa watu wa Ulaya, na vinasema kusini. Msivifuate.

Pili, kiangazi hapa kwetu kinaleta vumbi na moshi wa kuchoma pori. Pano yenye vumbi inatoa umeme kidogo. Mwekeni mtu wa kuipangusa kila juma kwa maji na kitambaa laini, asubuhi mapema, ingali baridi.

Tatu, batri ya zamani, ile ya plomb kama ya gari, haipendi kumalizwa. Msipite nusu yake. Ukiimaliza kila usiku, itakufa mbele ya mwaka wa pili. Ya litiumu inavumilia kutumiwa sehemu 80 kwa 100, na ikitunzwa inaweza kufika miaka 10. Ni ghali siku ya kununua, lakini fanyeni hesabu ileile.

Kazi ya pili: kusaga

Hapa jibu linabadilika, ndiyo maana tumezitenga.

Wamama wengi wa eneo letu bado wanabeba mahindi ao mihogo kichwani, saa nzima ao zaidi, mpaka mahali penye mashini. Wakifika wanakuta mazutu imeisha, wanalala kule ao wanarudi na bunga hakuna. Mashini ya koperative inaweza kumaliza taabu hiyo. Inaweza pia kumaliza kasha.

Jambo la kwanza kujua: kama ni mazutu, mota izungushe mashini moja kwa moja kwa mukaba. Msinunue gurupu ya kutoa umeme, kisha mota ya umeme ya kuzungusha mashini. Nguvu inapotea ikigeuzwa kuwa umeme, inapotea tena umeme ukigeuzwa kuzungusha. Mnalipa hasara mara mbili.

Mota ya mazutu ya nguvu-farasi 10, ikiwa nzima, inasaga kilo 150 mpaka 200 za mahindi makavu kwa saa. Inakunywa karibu litre 1 kwa kila gunia la kilo 100. Mahindi yasiyokauka yanakula mazutu zaidi na kuziba chujio, kwa hiyo kuanika vizuri ni falanga.

Tulinganishe na mashini ya kusaga inayozungushwa na pano moja kwa moja, mchana tu, bila batri. Inahitaji pano za kilowati 10 ao 12, mota ya umeme na kifaa cha kuongoza mota. Tuseme yote ni dola 14,000, na dola 4,000 za matengenezo kwa miaka 10. Upande wa mazutu, tuseme mota na mashini ni dola 3,000, mazutu ni dola 2 kwa gunia, na mafuta, mukaba, nyundo na chujio ni senti 50 kwa gunia.

Koperative ya kwanza inasaga kilo 600 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni magunia 15,000. Kwa kazi nzito hivyo, mota ya mazutu itanunuliwa mara mbili. Hesabu inatoka hivi:
– mazutu: dola 2 na senti 90 kwa gunia;
– jua: dola 1 na senti 20 kwa gunia.

Koperative ya pili inasaga kilo 100 tu kwa siku. Kwa miaka 10 ni magunia 2,500:
– mazutu: dola 3 na senti 70 kwa gunia;
– jua: dola 7 na senti 20 kwa gunia.

Tazameni vizuri. Pano ni zilezile, jua ni lilelile, bei ni ileile. Kilichobadilika ni kazi. Mashini ya jua mnalipia siku ya kwanza, isage ao isisage. Mashini ya mazutu mnalipia kadiri inavyosaga. Kwa bei za mfano wetu, mpaka uko karibu na kilo 240 kwa siku, kama magunia mawili na nusu. Chini ya hapo, mazutu ni afazali. Juu ya hapo, jua linashinda. Litre ya mazutu ikipanda bei kwenu, mpaka huo unashuka.

Kwa hiyo mbele ya kusikiliza muuzaji, mwekeni kijana mwenye daftari njiani kwa mwezi mmoja. Ahesabu wamama wangapi wanapita na mahindi, na kilo ngapi. Daftari hiyo itawaokoa kuliko maneno ya sisi wote. Mkumbuke pia kwamba kazi inashuka miezi ya njaa, mwezi wa 1 na wa 2, wakati mahindi yameisha ndani ya nyumba, na kwamba mashini ya jua isiyo na batri inapumzika saa za mawingu mazito. Mwenye haraka atangoje, ao asage mapema.

Kazi nyingine zinaweza kusaidia pano zifanye kazi siku nzima: kukoboa mahindi, kusukuma maji ya bustani wakati wa kiangazi, kukamua karanga. Mkiweza kupanga kazi hizo katika saa ambazo mashini ya kusaga inalala, gharama ya kila gunia inashuka tena.

Mto: nguvu ya usiku na mchana

Jimbo letu la Lualaba ni nchi ya maji. Nzilo inatoa umeme tangu 1952, na N'Seke tangu 1956. Ni miaka zaidi ya 60, na mashini bado zinazunguka. Hiyo inatufundisha kwamba umeme wa maji unagharimu sana siku ya kujenga, lakini ukitunzwa unaishi kuliko waliojenga.

Kijiji hakihitaji Nzilo. Kijito chenye maporomoko kinaweza kutosha. Hesabu ya kwanza mnaweza kuifanya ninyi wenyewe. Pimeni maji: litre ngapi zinapita kwa sekunde moja. Kwa kijito kidogo, elekezeni maji yote katika ndoo ya litre 20 na mhesabu sekunde inapojaa. Pimeni urefu ambao maji yanaanguka, kwa metre. Zidisha litre kwa metre, kisha zidisha kwa 5. Jibu ni wati mtakazopata, bila kujidanganya.

Mfano: litre 20 kwa sekunde, metre 10 za kuanguka. 20 × 10 × 5 ni wati 1,000, kilowati 1. Inaonekana ndogo, lakini haizimiki usiku. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 24, zaidi ya mara ishirini ya pano zetu za mfano wa kwanza. Kwa kusaga mnahitaji zaidi: litre 100 na metre 15 zinatoa kilowati 7 na nusu.

Kosa tunaloona mara nyingi ni kupima mwezi wa 3, mto ukiwa umejaa, kila mtu anafurahi. Pimeni mwisho wa kiangazi, mwezi wa 9 ao wa 10, mbele ya mvua ya kwanza. Maji mnayoyakuta hapo ndiyo maji yenu ya kweli. Yale mengine ni mgeni.

Kwa mto, kazi kubwa ni mfereji, ukuta mdogo na bomba. Kuchimba, kubeba mawe na mchanga, wana-koperative wanaweza kutoa kwa mikono yao, na hiyo inapunguza gharama sana. Lakini kama maporomoko yako mbali na kijiji, waya itakula falanga yote. Kuna pia ruhusa ya kuomba na chefu wa kuona, kwa sababu maji yanatumiwa na wengine chini.

Mashariki ya nchi yetu kuna mfano mkubwa zaidi. Matebe, katika Rutshuru, kituo cha umeme wa maji cha megawati 13 hivi kilifunguliwa 2015. Umeme wake haukuenda kwenye taa tu. Ulifika pia kwa wenye mashini za kusaga na kazi ndogo za mikono. Umeme unapozungusha kazi, kazi ndiyo inalipa umeme.

Na waya je?

Hili ndilo ulizo lenye uchungu. "Umeme uko Kolwezi. Nzilo iko kwetu, N'Seke iko kwetu, Busanga iko kwetu na megawati zake 240. Hata Inga inatuma umeme mpaka Kolwezi, kilometre karibu 1,700, tangu miaka ya 1980. Kwa nini siye tuko ndani ya giza?"

Wenye kuuliza hivyo wana haki. Jibu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni historia. Nzilo na N'Seke vilijengwa na Union Minière kwa kazi ya shaba, na waya ya Inga iliwekwa kwa ajili ya mashini za migodi. Vijiji havikuwa ndani ya mpango. Na leo migodi yenyewe haitoshelewi: mingi inanunua umeme wa Zambia ao inawasha gurupu kubwa za mazutu.

Ya pili ni ufundi. Waya kubwa inayopita juu ya shamba inabeba umeme wa nguvu kali sana. Huwezi kuikata na kuweka waya ya nyumba, kama vile huwezi kutoboa bomba kubwa la mji na kuweka robine ndogo kwa mikono. Panahitajika kituo cha kushusha nguvu, nguzo, transformeta, maelfu ya dola kwa kila kilometre. Mahali watu wako wachache na wanatumia kidogo, gharama hiyo hairudi haraka.

Waya ikifika, ni umeme wa bei ya chini kuliko yote tuliyotaja, kama haukatikikatiki. Msiukatae. Tangu sheria ya tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2014, SNEL haiko peke yake tena: kampuni, majimbo na vikundi vinaweza kutoa na kuuza umeme kwa ruhusa, na serikali iliunda ANSER kwa kazi ya umeme vijijini. Andikeni barua, pitieni kwa msimamizi wa teritware, fuatilieni. Lakini msiache mahindi yasagwe kwa mikono mkingojea.

Manono, katika jimbo la Tanganyika, inatufundisha. Mji huo ulikuwa na umeme wa maji wa Piana Mwanga, uliojengwa kwa mgodi wa bati. Vita vikaharibu, mji ukakaa katika giza miaka mingi. Mwaka 2018 walipata kituo cha jua cha megawati 1 na batri zake, bila kungojea Piana Mwanga irudi.

Pale tulipokosea sisi

Ni vizuri tuseme na kosa letu. Miaka iliyopita tulisaidia koperative moja kupata pano na batri kwa ajili ya depo yake. Siku ya kufungua tulipiga ngoma, tulipiga picha. Hatukuzungumza juu ya falanga ya batri ya pili. Kisha miaka mitatu batri ilikufa. Kasha ilikuwa tupu kwa kazi hiyo, na sisi tulikuwa tumekwenda kwingine. Tuliporudi, pano zilikuwa nzima juu ya paa, zinatazama jua, na depo ilikuwa giza. Mama mmoja alituambia: "Mulituletea mwangaza, hamukutuletea hesabu."

Alisema kweli. Toka siku hiyo hatuweki tena mashini mahali ambapo hakuna kasha ya mashini. Katika mfano wetu wa kwanza, batri, onduleri na vitu vidogo ni dola 1,200 kwa miaka 10. Ni dola 10 kila mwezi. Simu 40 kwa siku, kila mwenye simu akilipa kidogo, zinaweza kutoa hiyo na kubaki. Lakini lazima iandikwe, iwekwe mbali na kasha ya mbegu, na mkutano uisikie kila mwezi.

Maulizo ya kupeleka mkutanoni

Mbele ya kununua, mkutano ujibu haya, na mwandishi aandike majibu:

1. Ni kazi gani tunataka: taa na simu, ao kusaga, ao zote mbili? Kila moja ihesabiwe peke yake.
2. Kilo ngapi za mahindi na mihogo zitasagwa kwa siku, mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa? Nani alihesabu?
3. Litre ya mazutu ao esansi inafika kwetu kwa bei gani wakati wa mvua, na usafiri ndani?
4. Kuna mto? Ulipimwa mwezi gani?
5. Fundi yuko wapi, na kipande kikivunjika kitatoka wapi, kwa siku ngapi?
6. Kila mwezi tutaweka falanga ngapi katika kasha ya mashini, na nani ataishika?
7. Jumla ya miaka 10 ni ngapi, na kila gunia ao kila kilowati-saa inatufikia kwa ngapi?

Kama ulizo moja halina jibu, ngojeni. Falanga haitaoza kwa mwezi mmoja.

Na kama mnayo gurupu tayari, msiitupe. Itumieni kwa kazi nzito ya saa chache, itumieni siku za mawingu, na muiache ipumzike jioni wakati ampule zinawaka kwa batri. Iwekeni nje siku zote, kamwe si ndani ya nyumba wala depo, kwa sababu moshi wake unaua mtu akiwa usingizini.

Ile koperative ya mama mwekahazina ilichagua nini? Ilinunua pano kwa taa na simu, na mwaka huo haikununua mashini ya kusaga. Iliweka kijana njiani na daftari. Kwa mavuno yanayokuja itajua kama kijiji chake kinasaga kilo 100 ao kilo 300 kwa siku, na itachagua bila kugombana. Vijana hawakufurahi, walitaka kusikia mashini ikilia mwaka huohuo. Lakini kasha haikuisha, na depo ina mwangaza.

Mkiwa na daftari yenu, tuleteeni tutakapopita, ao mfike ofisini. Tutakaa pamoja, tutaondoa bei zetu za mfano, tutaweka za kwenu, na tutahesabu.